Nguo ya Kuazima: Programu Ibebe Maktaba Zake, au Iombe kwa Mwenyeji?

(Hotuba kwa vijana wanaojifunza kuandika programu, Mbale, mashariki mwa Uganda)

Wazee mlioketi mbele, walimu, kaka na dada zangu, hamjambo. Nimeambiwa umeme hauna ahadi jioni hii, kwa hiyo sikuleta slaidi. Nitasimulia tu, na anayetaka kuniuliza aniulize katikati, asisubiri mwisho, maana mwisho wa mikutano yetu mnaujua: kila mtu anaikimbilia teksi ya kwenda nyumbani.

Nianze na Kapchorwa, mji ulioko kwenye mteremko wa Mlima Elgon.

Miaka michache iliyopita chama kimoja cha wakulima wa kahawa huko juu kiliniomba programu ya kupokelea kahawa stooni. Kazi yenyewe ndogo: mkulima analeta gunia, mizani inasoma uzito, programu inaandika jina, kilo na bei, risiti inatoka. Niliiandika kwa C++ kwenye laptopu yangu, nikaijaribu wiki nzima, haikunisumbua hata mara moja. Nikaitia kwenye flashi, nikapanda teksi ya alfajiri, kipande kilichobaki nikamalizia kwa boda. Mfukoni flashi, moyoni uhakika.

Karani, dada mmoja mpole, akanipisha kitini. Nikabofya mara mbili. Kikachomoza kisanduku kikisema programu haiwezi kufunguka kwa sababu VCRUNTIME140_1.dll haikupatikana. Mzee msimamizi wa stoo alikuwa nyuma yangu, miwani imeteremka puani.

"Kijana, inasema nini?"

"Inaomba faili, mzee."

"Si uipe?"

Sikuwa nayo. Na nje wakulima walikuwa wameshapanga magunia, msimu umeshika, wingu linakuja kutoka mlimani.

Sasa tulieni niwaeleze kile kisanduku kilikuwa kinadai nini, kwa sababu wengi wenu mnaandika programu na hamjawahi kukutana nacho. Hamjakutana nacho kwa kuwa mnazijaribu kwenye mashine zilezile mlizoziandikia.

Hakuna programu inayojitosheleza. Ukiandika mstari mmoja tu wa kuchapisha salamu, kuna mtu mwingine aliyeandika printf, ajuaye kugeuza namba kuwa tarakimu. Kuna aliyeandika malloc, anayekuombea nafasi kwenye kumbukumbu. Kuna hata msimbo unaotangulia kabla ya main yako, pale programu yako inapoanzia, kuamka, unaoandaa mazingira na kukukabidhi vigezo. Huo wote kwa pamoja ndio maktaba ya wakati wa utendaji. Mimi nitaiita maktaba ya msingi ili ulimi usichoke. Kompaila ikimaliza kugeuza msimbo wako, linka, programu inayounga vipande pamoja, huletewa orodha ya majina yasiyo na wenyewe: printf yuko wapi? malloc yuko wapi? Na linka ina njia mbili za kujibu.

Njia ya kwanza ni kufungua maktaba, kuchukua vipande vinavyohitajika, na kuvinakili ndani ya programu yako. Programu inatoka na kila kitu tumboni. Njia ya pili ni kuandika kikaratasi: "Huyu anahitaji printf, ataikuta kwa mwenyeji." Kinachotoka ni programu nyembamba yenye orodha ya madeni. Siku ya kuifungua, mfumo endeshi unasoma ile orodha, unazitafuta maktaba kwenye mashine, unazipakia kwenye kumbukumbu na kuyaunganisha majina na wenyewe. Likikosekana deni moja, ndio kile kisanduku cha Kapchorwa.

Ukitaka Kiswahili cha darasani, sema uunganishaji tuli na uunganishaji badilifu. Nikiwa kazini nasema kufungasha na kuazima, na hata leo nitasema hivyo hivyo. Baraza la mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi hapa kwetu mwezi wa Julai 2022. Nadhani nasi watu wa kompyuta tuna ruhusa ya kukitumia kama tunavyokitumia sokoni.

Tofauti ya ukubwa mtaiona wenyewe mkifika nyumbani. Chukueni Linux ya Ubuntu ya kawaida, andikeni programu ya C ya kusema hujambo. Ya kuazima itakuwa na kilobaiti 16 hivi. Ya kufungasha, kwa glibc, maktaba ya C ya kawaida ya Linux, itapita kilobaiti 800. Mkitumia musl, maktaba nyingine ya C iliyoandikwa kwa nia ya kuwa ndogo, ile ambayo Alpine Linux imejengwa juu yake, ya kufungasha inarudi kwenye kilobaiti makumi tu. Kwa hiyo anayekuambia kwamba kufungasha ni unene, muulize kwanza amefungasha nini.

Turudi stooni. Kwenye ile mashine, VCRUNTIME140.dll ilikuwepo, kuna programu nyingine iliwahi kuja nayo. Iliyokosekana ni ile yenye _1 mwishoni. Microsoft waliiongeza na Visual Studio 2019, zana yao ya kuandikia programu, kwa programu za biti 64, walipobadilisha namna C++ inavyoshughulikia makosa yanayorushwa katikati ya kazi. Kanuni yao ni kwamba maktaba iliyoko kwa mwenyeji isiwe ya zamani kuliko kompaila uliyotumia. Mwenyeji alikuwa na nguo, ila si ya kimo changu. Wahenga walishasema nguo ya kuazima haisitiri matako, na siku ile nilikuwa nimesimama mbele ya wakulima na yangu wazi.

Dawa halali ni kifurushi cha Microsoft cha kusakinisha maktaba hizo, megabaiti 24 hivi. Mjini hiyo ni dakika moja. Kule juu, simu ikiwa inashika mtandao kwa kubembelezwa, ni nusu siku, na tangu Julai 2021 kila megabaiti tunayonunua nchini ina ushuru wa asilimia 12 juu yake. Basi nikafanya jambo ambalo nawaomba msilifanye: nikatafuta tovuti moja kati ya zile zinazogawa faili za DLL, yaani maktaba za kuazima za Windows, moja moja, nikaipakua kafaili kenyewe, nikaitupa kwenye folda. Programu ikafunguka. Magunia yakapimwa. Mzee akanipa mkono na chai.

Usiku sikulala vizuri. Nilikuwa nimeweka kwenye kompyuta inayotunza hesabu za pesa za watu faili nisiyojua imepikwa na nani. Faili ya namna hiyo inaendeshwa ndani ya programu yako kwa uwezo wote ulio nao wewe. Inaweza kusoma unachosoma na kuandika unachoandika. Wiki iliyofuata nilirudi, nikaifuta, na safari hii nilikuja nimejifungashia.

Kwenye kompaila ya Microsoft ni chaguo la herufi mbili tu. /MD ni kuazima, /MT ni kufungasha. Mradi mpya ukiuanzisha ndani ya Visual Studio, unapewa /MD bila kuulizwa. Ukiiita kompaila mwenyewe kwa amri bila kutaja lolote, unapata /MT. Watu wameumwa kichwa siku nyingi kwa tofauti hiyo: kijana anajaribu kwa amri, inakubali kila mahali, akiihamishia kwenye mradi inakataa kwa jirani.

Nikabadilisha ikawa /MT. Programu ikanenepa kilobaiti mia chache, ikafunguka kwenye kila mashine niliyoijaribu. Nikajiona nimemaliza masomo. Kumbe ndio kwanza.

Baada ya siku kadhaa karani akanipigia. "Kaka, risiti zinatoka, lakini lile daftari la uzito la jioni liko tupu." Nikamwambia labda hamkupima. Akacheka, akaniambia njoo uhesabu magunia mwenyewe.

Nilifika nikakuta faili ya uzito ipo na haina hata herufi. Nikapekua folda ya mizani, maana mizani ilikuja na DLL yake kutoka kwa aliyeiuza, nikafungua faili ambamo DLL ile huandika kumbukumbu zake za ndani. Humo ndimo kilo zetu zilimokuwa! Katikati ya mistari ya "bandari imefunguliwa, bandari imefungwa", kilo 61, kilo 58, kilo 63, gunia baada ya gunia.

Hili nataka mlielewe taratibu, kwa sababu ndipo utamu wa mada ulipo. DLL ya mizani ilikuwa na fanksheni inayokutaka uipe faili uliyoifungua wewe, nayo itaandika uzito humo. Mimi nilifungua faili kwa fopen, nikaipa. fopen inakurudishia kielekezi cha kitu ambacho ndani yake kuna namba ndogo tu. Namba 0, 1 na 2 zimeshakaliwa na ingizo, matokeo na makosa. Faili yako ya kwanza inakuwa namba 3. Ni namba ya foleni, kama ile unayopewa benki. Maana yake iko kwenye rejista ya anayeitoa. Na rejista hiyo inatunzwa na maktaba ya msingi.

Nilipokuwa naazima, programu yangu na DLL ya mizani zilikuwa zinatumia maktaba moja ya mwenyeji, rejista moja. 3 yangu ilikuwa 3 yake. Nilipofungasha, nikaja na maktaba yangu tumboni, na rejista yangu. DLL ikabaki na ile ya mwenyeji. Nikaipa kielekezi chenye namba 3. Ikaenda kutazama 3 kwenye rejista yake, ikakuta ni faili yake yenyewe ya kumbukumbu, ikaandika humo kwa uaminifu wote. Hakuna aliyelia, hakuna kisanduku kilichochomoza. Ingekuwa haina faili iliyofunguliwa kwa namba hiyo, ingeanguka pale pale, na ningegundua siku ya kwanza.

Microsoft wameliandika onyo hili waziwazi kwenye maelezo yao: usivushe vitu vya maktaba ya C kutoka sehemu moja hadi nyingine ikiwa kila sehemu ina nakala yake. Si faili tu. Kwenye matoleo ya zamani hata kumbukumbu uliyoomba upande huu kwa malloc ukaiachia upande ule kwa free ilikuangusha, kwa kuwa kila nakala ilikuwa na ghala lake. Mipangilio ya lugha na namba za makosa ni hivyo hivyo. Kwa hiyo andikeni hii: programu yako ikiwa inapakia DLL za watu wengine au vipachiko, na mnapeana vitu vya maktaba ya msingi, usifungashe maktaba hiyo. Muuza mizani nilimlaumu njia nzima ya kurudi, kwamba fanksheni ya kupokea faili iliyofunguliwa na mwingine ni ubunifu mbovu, na bado naamini hivyo. Lakini aliyebadilisha herufi bila kusoma ni mimi.

Nilichoishia nacho ni njia ya tatu. Nilirudi /MD, kisha zile faili tatu, VCRUNTIME140.dll, VCRUNTIME140_1.dll na MSVCP140.dll, zilizotoka kwenye Visual Studio yangu mwenyewe, nikaziweka kwenye folda moja na programu. Microsoft wanaruhusu. Jumla yake haifiki megabaiti 1. Windows ikianza kutafuta, inatazama kwanza folda ya programu yenyewe, ikazikuta. Sehemu iliyobaki ya maktaba ya C imo tayari ndani ya Windows 10, kwa hiyo mimi na mizani tukarudi kwenye rejista moja. Unaazima, ila umekuja na mkopeshaji wako.

Swali? Ndiyo, dada wa nyuma. Anauliza kwa nini basi tusifanye hivyo siku zote tukalala. Hapo ndipo lazima niwaambie upande wa pili wa shilingi, na nitatoka Kapchorwa kwa muda.

Tarehe 7 Aprili 2014 dunia iliambiwa kuhusu kasoro ya OpenSSL, maktaba ya kuficha mawasiliano ya mtandaoni, iliyopewa jina Heartbleed. Mtu wa mbali aliweza kuiomba seva yako impe hadi kilobaiti 64 za kumbukumbu yake kwa kila ombi, na humo mkawemo chochote: nywila, hata ufunguo wa siri wa seva. Ilikuwa kwenye matoleo ya 1.0.1 hadi 1.0.1f, 1.0.1g ilikuwa tiba. Mwenye seva ambayo programu zake zote ziliazima OpenSSL ya mwenyeji alisasisha maktaba moja, akaziwasha upya programu zake, mlango ukafungwa. Sisitizeni hapo pa kuwasha upya, maana programu iliyokwisha kuipakia ile ya zamani inaendelea kuishikilia hadi uizime. Lakini aliyefungasha? Huyo alitakiwa kwanza ajue kwamba amefungasha. Kisha atafute msimbo, aujenge upya, aupeleke kila mahali. Mwaka 2002 mambo kama hayo yalitokea na zlib, maktaba ya kubana data: nakala zake zilikuwa zimenakiliwa ndani ya programu nyingi mno, na kazi kubwa ikawa kutafuta ni nani anayo tumboni.

Basi swali ninalojiuliza kabla ya kuchagua ni hili: siku ikigundulika kasoro, nani ataileta tiba, na atapita njia gani kufika? Seva iliyoko Kampala, inayosasishwa kila wiki na mtu anayelipwa kwa kazi hiyo, mwachie mwenyeji, azima. Kompyuta ya stoo iliyoko mlimani, ambayo hakuna anayeisasisha, haina mwenyeji wa kumtegemea. Mwenyeji ni wewe. Ukifungasha, au ukija na faili zako kwenye folda, umechukua ile kazi ya kusasisha juu ya mabega yako, kwa sababu masasisho ya Windows hayatagusa nakala zako. Mimi nina daftari la shule, la kurasa 96, kila toleo ninalolitoa naandika nimebeba maktaba gani, toleo la ngapi, na lipo kwa nani. Wenzangu wananicheka kwamba kuna programu za kufanya hivyo. Zipo. Daftari halihitaji chaji.

Kwa mnaotumia Linux, kisanduku chenu kina sura nyingine: "GLIBC_2.34 haikupatikana". Umejenga kwenye Ubuntu 22.04, yenye glibc 2.35, ukapeleka kwenye 20.04, yenye 2.31. Hata programu ya kusema hujambo inakataa, kwa sababu fanksheni ile inayoamsha main ilipewa toleo jipya kwenye 2.34. glibc inajitahidi sana programu za zamani ziende kwenye mfumo mpya, lakini kinyume chake haikuahidi. Jenga kwenye mfumo mkongwe kuliko yote unayoihudumia. Kama ni kufungasha, kaa mbali na glibc, kwa sababu hata ukiifungasha, kutafuta majina ya mtandao bado kutataka kuazima maktaba za glibc ya toleo lile lile, na linka itakuonya. Tumia musl. Wa lugha ya Go mnatabasamu. Sawa, programu zenu hutoka zimefungashwa, mpaka mtakapogusa msimbo wa C. Kifurushi cha net peke yake chaweza kuwarudisha kwenye kuazima bila kuwaambia. Wekeni CGO_ENABLED=0 ili kuuzima msimbo wa C, mjenge tena, kisha mthibitishe kwa ldd, amri inayoorodhesha maktaba ambazo programu inaazima.

Leseni sitazikalia. Jueni tu kwamba maktaba yenye leseni huria ya LGPL, kama glibc, ukiifungasha ndani ya programu iliyofichwa msimbo, unadaiwa kumpa mtumiaji vipande vya kumwezesha kuiunganisha upya na toleo lake la maktaba. Kuazima kunakuepusha na sehemu kubwa ya deni hilo. Na ile hoja ya kwamba kuazima kunaokoa kumbukumbu, kwamba programu kumi zinagawana nakala moja, ni kweli kwa maktaba inayotumiwa na kila mtu. Kwa maktaba inayotumiwa na programu yako peke yake hakuna wa kugawana naye, msidanganywe.

Naona taa imeanza kucheza. Hapa mezani kuna flashi. Ndani yake mna programu ile ile ya mizani, imejengwa mara tatu: ya kuazima, ya kufungasha, na yenye folda yake. Mkutano ujao kila mmoja aje na kompyuta kongwe kuliko zote anayoweza kuipata: ya shangazi, ya duka, ya shule, isiyowahi kuonja Visual Studio. Tutazifungua zote tatu hapa mbele ya watu, na visanduku vitakavyochomoza tutavisoma kwa sauti. Mzee wa Kapchorwa ameahidi kuja, na ameniambia safari hii atauliza mapema kama faili zote zimebebwa.